Kliniki ya akili tunayoenda tangu 2017, na mabosi watatu tuliowaona pale

Nataka niwaandikie kuhusu kliniki ya afya ya akili ya serikali tunakompeleka mdogo wangu tangu 2017 mpaka leo. Jina la hospitali sitaji mana kuna mabaya nitayasema na wengine wa kipindi kile bado wako kazini, mkoa wetu mdogo watajuana. Ila kama una mgonjwa nyumbani naomba usome, kuna kitu kimoja ambacho tungekijua mapema kingetuokolea karibu miaka miwili ya mateso: uliza anayeongoza kitengo katokea wapi. Sio kabila wala dini, nauliza kazi. Kabla hajakalia kile kiti alikua anafanya nini.

Tulipoanza inchaji wa kitengo alikua katoka tieta. Muuguzi wa chumba cha upasuaji, miaka mingi yuko huko, alaf akaletwa kuongoza akili kwasababu cheo anacho na nafasi ilikua wazi. Nimtendee haki, yule baba alikua mchapakazi. Saa moja na nusu yuko mlangoni anaangalia nani kachelewa, mafaili yamepangwa, sakafu inang'aa, wodi ya akili ilikua safi kuliko ya wazazi. Lakini tieta mgonjwa kalala, hakuulizi kitu, unamaliza unaita mwingine, na kliniki aliiendesha ivo ivo. Mdogo wangu alikua anaingia na kutoka kabla sijamaliza kukunja karatasi za bima. Hakuna wa kumuuliza unalala? unakula? zile sauti bado zinakusema? Dozi ile ile, tarehe ya kurudi, haya anayefuata.

Kuna siku alichomwa sindano asubuhi, haloperidol, dawa ya kutuliza akili, tukarudi nyumbani vizuri tu. Jioni shingo ikaanza kupinda kuelekea bega la kushoto, macho yamepanda juu yamegoma kushuka, ulimi mzito, anataka kuongea inatoka sauti ya koo tu na mate. Mama akasema jini limepanda kichwani. Tukakodi bajaji mpaka hospitali, nesi wa zamu akaangalia akampigia inchaji, na jibu nililisikia kwa masikio yangu maana simu ilikua na sauti kubwa: huyo anaigiza, mwambieni arudi kesho kliniki ikifunguliwa. Tukarudi nae. Usiku kucha mama kamlaza kichwa mapajani anamsomea Ayatul Kursiy na mimi namfuta mate. Ikaja kuachia alfajiri, taratibu, yenyewe. Kuanzia hapo akagoma sindano na kwakweli sikumlaumu, akakaa miezi mitano bila dawa yoyote na ndani ya miezi hiyo mitano tukapoteza duka la mama.

Bosi wa pili sina mengi. Daktari bingwa wa magonjwa ya akili, kijana, katoka masomoni moja kwa moja. Yeye ndo wa kwanza kututajia jina la ugonjwa, skizofrenia, akambadilishia dawa akamuweka kwenye olanzapine na mdogo wangu akaanza kukaa mezani kula na sisi. Namshukuru sana yule daktari. Tatizo ni kwamba alikua peke yake, aone foleni yote ile alaf huyo huyo akakae na katibu wa afya kupigania bajeti, huyo huyo aandike oda ya dawa, na kuongoza ofisi hakuna aliyewahi kumfundisha. Oda zikawa zinachelewa kutoka pale pale kitengoni, dirisha la dawa kila ukienda unaambiwa hamna kanunueni nje. Kwahiyo tulikua na daktari mzuri na stoo tupu.

Hapo ndo nikaanza kufuatilia ivi hawa viongozi wa afya ya akili hua wanatokea wapi. Sisi Tanzania toka zamani huduma hii imebebwa na manesi, hili watu wengi hawalijui. Tunavyosema "huyu wa Mirembe" kama tusi tunasahau kwamba pale Mirembe, hospitali ya akili ya Dodoma, ndo wamesomea wauguzi wengi wa akili waliosambazwa nchi nzima. Na mwanzoni mwa miaka ya 80 serikali ilipojaribu kutoa matibabu ya akili nje ya hospitali kubwa na kuyapeleka mpaka zahanati, ikianzia Morogoro na Kilimanjaro, waliotegemewa kule chini walikua manesi na waganga wasaidizi, mana madaktari bingwa walikua wa kuhesabu, na mpaka leo ni wachache mno. Majirani zetu Kenya wao waliliandika kwenye sheria kabisa, sheria yao ya afya ya akili ya 1989 ilivyotungwa ilisema kwenye bodi ya taifa ya afya ya akili awepo daktari mwenye utaalamu wa akili, na afisa tabibu, na muuguzi, na hao wawili nao wawe na mafunzo na uzoefu wa akili, ingawa kiti cha mwenyekiti walimpa mkurugenzi wa huduma za tiba au naibu wake. Na mwisho wa 2019 walipounda kikosi kazi cha afya ya akili kiti wakampa Dkt Frank Njenga, daktari wa akili miaka na miaka, na 2020 ripoti yao ikapendekeza tatizo la akili litangazwe dharura ya taifa. Mimi naamini mtu asiyejua wodi asingethubutu kuandika neno dharura.

Sasa bosi wa tatu, huyu ndo amenifanya niandike.

Mama mmoja, muuguzi. Siku ya kwanza aliita ndugu wote wa wagonjwa chini ya mwarobaini pale nje akajitambulisha kazi zake moja baada ya nyingine, kwamba amesomea uuguzi wa akili Mirembe, akafanya zamu wodini miaka, akawa mratibu wa afya ya akili wa wilaya anazunguka zahanati kwa zahanati na pikipiki, alaf ukubwani kabisa watoto wameshaolewa ndo akaenda Mzumbe kusomea uongozi wa huduma za afya. Sijawahi kuona bosi wa serikali anawaeleza hivyo watu waliokaa kwenye benchi. Alipomaliza akasema na nyie mniambie mnachoumia nacho, akaandika mpaka karatasi ikaisha akageuza nyuma.

Kitu cha kwanza alichofanya ni ofisi. Ilikua jengo la utawala juu, akaihamishia kwenye kachumba kanakotazama mabenchi na mlango hafungi. Alaf akakaa na mlinzi wa getini, yule mlinzi ambae zamani alikua anapaza sauti "vichaa kule nyumaaa" mbele za watu, sijui alimwambia nini ila sasa ivi ukifika anakuuliza tu "leo ni ya sista?" anakuonyesha njia. Na ana daftari la mistari kama la mwanafunzi, kila mgonjwa wa sindano ya mwezi ana mstari wake, hapo anajua mwezi ujao ampuli ngapi, anaandika oda kabla stoo haijakauka. Dawa kukosekana imetokea mara mbili tu tangu aje, na mara zote mbili alitupigia simu kabla hatujatoka nyumbani na kupoteza nauli.

Mwaka jana tuko kwenye benchi tunasubiri, akaletwa kijana na shangazi yake, shingo imepinda, macho yako juu, mate yanatoka. Vile vile. Mimi nilisimama mwili mzima umenisisimka. Yule mama alikua anasaini karatasi, akaacha kalamu, akatoka, akamshika kijana kidevu akamwambia, "Baba, usiogope, hii ni dawa, sio wewe, itaachia sasa hivi." Akamuuliza shangazi kachomwa lini, akaagiza aletewe sindano ya promethazine, akakaa nae kwenye benchi hilo hilo kamshika mkono. Haikuzidi nusu saa yule kijana anaomba maji ya kunywa. Akampa na vidonge vya Artane, vya kuzuia shingo isipinde tena, vya kwenda navyo, akamuandikia shangazi kwenye karatasi jina la dawa iliyomfanyia vile na jina la ile inayoitoa, ili ikimtokea usiku aonyeshe hospitali yoyote. Mama yangu alikua anaangalia kimya, alaf machozi yakaanza kumtoka, akaniambia kwa sauti ya chini, kumbe lilikua dawa. Miaka yote ile alikua anajua mwanae ana jini na kwamba yeye hakumuombea vya kutosha.

Mdogo wangu sasa ivi anachomwa kila mwezi ile ya muda mrefu, hakosi. Akifika anasema shikamoo sista, anajibiwa kwa jina lake, anaulizwa kuku wake wanaendeleaje (anafuga) kabla ya kuulizwa dawa.

Nawapa nyota nne. Ya tano nimeibakiza kwanza kwasababu choo cha wagonjwa bado hakina kitasa na mtu aliyechanganyikiwa nae anaona aibu, pili kwasababu sista anastaafu mwakani na hakuna yeyote tunayemuona anaandaliwa. Ndugu 23 tumeshaandika barua kwa mganga mfawidhi, hatujaomba daktari bingwa wala mtu mwenye digrii kubwa, tumeomba atakayekuja awe amewahi kufanya zamu za usiku kwenye wodi ya akili. Mpaka leo hatujajibiwa.

Anayetaka kwenda aniulize inbox nitamuelekeza ni wapi. Kliniki ni jumanne na alhamisi, fika kabla ya saa mbili, na beba makopo na pakti za dawa zote alizowahi kutumia mgonjwa wako hata kama ni matupu, sista anazisoma moja moja.