Chumba cha juu Malindi: miaka miwili ya kukodishia wageni kwa simu

Nianze na nyota, maana najua wengi mtazitafuta hizo kabla ya kusoma: nne kati ya tano. Ya tano nimeizuia kwa sababu ya ramani, nitafika huko. Programu yenyewe ninayokodishia chumba siitaji jina. Sitaki kumpigia mtu debe wala kumharibia biashara yake.

Nyumba yetu iko Malindi ya Mji Mkongwe, Zanzibar, ndani ndani huko, ya mawe na chokaa, kuta zake nene mtoto analala dirishani na nafasi inabaki. Mie naishi chini na mama na wanangu wawili; kaka na mkewe wapo upande wa nyuma. Chumba cha juu kilikuwa cha marehemu mjomba, na baada yake kikageuka stoo: kitanda cha besera kilichovunjika mguu, cherehani isiyoshona, madebe ya rangi yaliyokauka tangu harusi ya dada.

Masika ya mwaka juzi boriti zikaanza kumwaga unga. Anayeishi Mji Mkongwe anajua maana yake. Boriti ya mkoko ikishaliwa, dari haipigi hodi, na sote tunalikumbuka jumba la Beit al Ajaib lilivyoporomoka upande mmoja Disemba 2020. Fundi akaja na nyundo, akagonga moja baada ya moja akisikiliza kama daktari anavyosikiliza kifua, kisha akasema kumi na moja za kubadilisha. Mshahara wa mwalimu wa skuli hauwezi boriti kumi na moja. Ndivyo nilivyoingia katika huu unaoitwa uchumi wa kushirikiana, watu kukodishiana walichonacho kwa simu.

Nalisema wazi kwa sababu ukisoma maelezo ya wenyeji kwenye hizi programu, kila mmoja anapenda kujuana na walimwengu, anapenda kubadilishana tamaduni. Na mie nikaandika hayo hayo. Uongo mtupu, nilikuwa napenda boriti. Baadaye nikaja kusoma kwamba hata Airbnb yenyewe, kubwa lao katika programu hizi, chanzo chake ni shida ya kodi: mwaka 2007 huko San Francisco, waanzilishi wake, Brian Chesky na Joe Gebbia, kodi ya nyumba imewashinda, mkutano wa wabunifu umejaza hoteli za mji, wakatandika magodoro matatu ya kujaza upepo na kutoza dola 80 kwa usiku. Haya ikanitoka. Kumbe shida zetu ni moja, wao walikosa kodi na mie nimekosa dari.

Kujisajili si kazi. Picha alipiga mwanangu mkubwa, asubuhi jua likiwa dirishani, besera tayari limetiwa mguu mpya. Kazi ni huku nje: leseni ya Kamisheni ya Utalii, kodi ya ZRA, Mamlaka ya Mapato Zanzibar, na kumuarifu sheha wa mtaa kila mgeni anapoingia. Msiruke hata moja. Mie nina daftari la skuli ambalo naandika jina, nchi, siku alizolala na aliyemleta. Daftari hilo nililianza kwa ajili ya sheha, lakini ndilo lililonifungua macho kuhusu nani hasa yumo katika mambo haya.

Kabla ya daftari, ramani. Mgeni wangu wa kwanza, kijana wa Kijerumani, alishuka boti ya jioni ya kutoka Dar. Bandari ni hapa hapa Malindi, kwa miguu ni dakika tano ukijua pa kukata. Programu ikampeleka Kiponda, mtaa mwengine. Akaambiwa amefika, mbele yake ukuta na paka wawili. Akanipigia, nikamuuliza anaona nini, akasema mlango. Mji Mkongwe! Mlango! Nikamwambia atafute mlango wenye misumari ya shaba, akajibu anaiona mitano. Mwisho walimleta watoto waliotoka chuo cha Kurani, saba, kila mmoja kashika kitu chake: huyu mkoba, huyu chupa ya maji, mdogo kabisa kashika kidole cha mgeni. Nimeandika mara nne kuomba ile alama isogezwe. Mara nne nimejibiwa kwa upole na alama iko pale pale Kiponda. Siku hizi mgeni humtumia mwanangu ujumbe akishashuka, naye humfuata getini bandarini. Mgeni akiandika maoni, husifu mapokezi.

Sasa daftari. Kwa miaka miwili nimepokea wageni mara 58, familia na wanawake zaidi, kwa sababu ngazi ya juu inapita ukumbini kwetu na mama hataki kushtuliwa na mwanamme akitoka kuoga. Zaidi ya nusu ni Wazungu. Wao ukiwauliza kwa nini hawakwenda hoteli watakwambia wanataka kuona maisha ya watu. Lakini kabla ya kuja walichouliza ni bei, kama feni inafika kitandani na kama kuna intaneti. Siwalaumu, na mie niliwaandikia uongo wangu. Wanaofuata ni watu wa Dar na Nairobi, wenye watoto, na hao husema ukweli moja kwa moja: hoteli inauza chipsi kwa bei ya kuku mzima, wao wanataka jiko. Ndio wageni ninaowapenda. Hununua samaki wao sokoni Darajani na hawaulizi kwa nini maji ya tangi yana uvuguvugu.

Halafu wako wa Oman na Emirates. Wachache, mara sita tu. Mmoja, mama wa makamo, alilipia usiku tatu na usiku wa kwanza hakulala juu kabisa. Alikaa ukumbini na mama yangu hadi saa sita wakitajiana majina ya watu waliokufa. Bibi yake alizaliwa mtaa wa tatu kutoka hapa. Kiswahili chake kilikuwa cha zamani, cha maneno ambayo mama mwenyewe alikuwa kayasahau. Alipoondoka mama akanikasirikia kwa nini nimemtoza. Nikamwambia ameshalipa kabla hajafika, fedha inakatwa kwenye kadi. Mama akasema, "Basi rudisha." Sikurudisha. Zilikwenda kwenye boriti ya tano, na hilo neno la mama bado linanikera kidogo.

Kwenye daftari lote hamna Mpemba hata mmoja. Si kwamba hawaji. Wanakuja kila boti, kutibiwa Mnazi Mmoja, kufuatilia mambo ofisini, kumtembelea mtoto chuo kikuu. Wanafikia kwa ndugu, au kwa ndugu wa jirani, na sahani inaongezwa, na mwenyeji hana picha ya chumba wala bei ya usiku. Makunduchi ikifika Mwaka Kogwa, sherehe ya mwaka mpya, mtu asiye na mgeni nyumbani kwake hujiona ana mkosi. Mwanangu aliniambia kuna mtandao unaitwa Couchsurfing, watu wanalazana bure, umeanza 2004. Nikafikiri huo sasa ndio wetu. Kutazama, Mei 2020, korona imekaza, nao wakaanza kuwatoza wanachama ada. Tanuri nalo linataka kuni, naelewa.

Upande wa wenyeji ndiko kulikonishangaza zaidi. Katika mitaa yangu najua nyumba saba zilizomo kwenye programu. Moja yangu. Mbili za wazee wastaafu, shida yao kama yangu, paa, na juu yake dawa za presha. Moja ya kijana anayekodisha na Vespa juu yake. Tatu zilizobaki ni za mtu mmoja ambaye haishi hapa. Amezikodi kwa warithi kwa mkataba wa miaka, akapaka rangi nyeupe, akatia mito ya kitenge, na kwenye maelezo kaandika karibuni nyumbani kwetu. Nyumbani kwetu! Familia iliyokuwa ghorofa ya chini ya mojawapo ipo Fuoni sasa, nje ya mji, na mtoto wao alikuwa darasani kwangu. Zanzibar ilipokea watalii zaidi ya laki saba mwaka 2024, nasi wenyewe kwa Sensa ya 2022 hatufiki milioni mbili. Watu wote hao walale wapi? Mwenye mtaji akiona hesabu hiyo hangoji boriti imlazimishe.

Na wako wasioweza kuingia hata wakitaka. Shoga yangu wa nyumba ya pili anapika urojo wa kukusahaulisha njia, na kukaribisha watu hajafundishwa na mtu. Lakini nyumba anayoishi ni ya wakfu, yeye ni mpangaji, hana ruhusa ya kukodisha chumba. Akaunti ya benki hana, ana fedha za simu tu. Kiingereza chake kinaishia kwenye salamu. Kwa hiyo yeye hunifulia mashuka, shilingi elfu tano kwa mzigo, huyaanika darini kwake maana uani kwetu jua halifiki, na kuyarudisha yamekunjwa na maua ya mkilua katikati. Maoni kumi na mbili, nimehesabu, yametaja harufu ya yale mashuka. Nyota zikaja kwangu. Nilipomtafsiria akacheka, kisha akasema sasa mzigo ni elfu saba. Nikampa.

Kuhusu nyota zenyewe nina neno, na mie ni mwalimu, natoa alama kila siku. Darasani nne kati ya tano ni mtoto mzuri. Huku, nne ni aibu. Zikikurudia mara mbili tatu chumba chako kinashushwa chini huko ambako hakuna mtu anayefika. Mgeni mmoja alinipa tatu kwa sababu ya adhana ya alfajiri. Msikiti uko hatua ishirini, ulikuwepo kabla ya babu yangu. Nikaandika kuomba maoni yale yaondolewe, nikajibiwa kwamba mgeni ana haki ya kueleza alichokiona. Sawa. Nikaongeza mstari kwenye maelezo: utaamshwa saa kumi na moja kasoro, na ukitaka kahawa, mama yuko macho. Tangu hapo hakuna aliyelalamika, na watatu wameshuka kunywa kahawa.

Mwengine alikasirika umeme ulipokatika usiku. Haukukatika, Tukuza, umeme wetu wa kulipia kabla, ilikuwa imeisha na mie nimelala. Hilo ni kosa langu. Na tangu Oktoba 2024, wageni wa nje walipoanza kutakiwa kukata bima ya dola 44 ya Shirika la Bima la Zanzibar, kila wiki mtu huniandikia kana kwamba nazitia mfukoni mie.

Fedha: nimeweka dola 30 kwa usiku. Mgeni analipa kama 34 na mie nafikiwa na 29, tofauti wanachukua wenye programu. Huingia benki siku chache baada ya mgeni kufika na haijapotea hata mara moja, ndiyo sababu kubwa ya zile nyota nne. Julai na Agosti hapakai siku tupu, Disemba vivyo hivyo, na Februari ya tamasha la muziki la Sauti za Busara. Aprili na Mei usitegemee kitu. Mvua, na nyoyo za watalii zinakwenda kwengine.

Sasa ati huku ndiko kushirikiana? Kikundi chetu cha kinamama kina masufuria makubwa manane, sahani mia mbili na mikeka. Ukiwa na shughuli, harusi au msiba, unakwenda kuchukua. Hakuna wa kukutoza, ila ukivunja sahani unanunua sahani. Orodha iko kichwani mwa bibi mmoja wa miaka themanini na haijawahi kukosea. Msidhani ni peponi huko. Yule dada aliyechelewesha sufuria wakati wa maziko ya mwaka jana anasemwa mpaka leo, na masengenyo ya Malindi yanauma kuliko nyota mbili. Kwenye programu, mtu akikuudhi hutamuona tena. Hapa utakaa naye mkeka mmoja kila arubaini.

Mie natumia vyote viwili na sivichanganyi. Chumba cha juu ni biashara. Naifanya kwa adabu, natandika vizuri, nakata kodi, na sijidai kwamba wageni ni ndugu zangu. Mama ndiye asiyekubali mpaka huo. Kila mgeni humpakulia, na mgeni akiuliza bei ya chakula mama hujifanya hasikii.

Kama una chumba kitupu na karatasi zako ziko sawa, jaribu, lakini anza na mashuka mazuri kabla ya picha nzuri. Kama nyumba ni ya urithi, kaa na ndugu wote mkubaliane kabla dola ya kwanza haijaingia. Nimeona nyumba moja ndugu hawazungumzi. Kama uko peke yako na hujiwezi kwa Kiingereza, mtafute mtoto wa jirani na umlipe, usimfanye akusaidie tu.

Boriti tisa zimeshabadilishwa, bado mbili. Jumatano anakuja mama na binti yake kutoka Nairobi, usiku nne, na mwanangu ameshaambiwa awe getini bandarini saa kumi na mbili.