Sufuria, Chungu au Kikaango: Vyombo vya Kupikia vya Kununua Kwanza kwa Jiko la Tanga

Vyombo vya jikoni Tanga hujaribiwa na vitu viwili, tui la nazi na ukali wa vitu vichachu. Tui lina mafuta na protini, na likichemshwa juu ya moto uliokusanyika mahali pamoja, sehemu yake nzito hushuka, hushika kwenye kitako na kuungua kabla wali haujaiva. Ukwaju, ndimu, embe bichi na nyanya, ambavyo mchuzi wa samaki haukamiliki bila kimojawapo, huila metali ya sufuria taratibu, hasa mchuzi unapolazwa humo hadi asubuhi. Orodha hii imepangwa kwa kuyatazama mambo hayo mawili kwanza. Mpikaji wa Dodoma, ambaye ugali ndio kazi kubwa ya sufuria yake, angekuwa na haki ya kuipanga vingine.

Yako mengine mawili ya kuzingatia kabla ya kutoka nyumbani kwenda Ngamiani au Makorora. La kwanza ni moto unaotumika. Nyumba nyingi za mjini hupika kwa mkaa na gesi kwa zamu, na mioto hii miwili haifanani: makaa huipasha sufuria kwa upana wake wote, ilhali jiko dogo la gesi huipiga katikati, na kwa hiyo chombo kilichovumilia mkaa kwa miaka kinaweza kuunguza wali siku ya kwanza kinapowekwa juu ya gesi. La pili ni hewa ya bahari, ambayo ina unyevu na chumvi, na ambayo hukitia kutu chombo cha chuma kisichotunzwa kwa muda mfupi tu.

Neno moja kuhusu seti. Zile sufuria saba au zaidi zinazoingiana, zinazong'aa dukani na kupendwa sana kama zawadi ya harusi, mara nyingi ni za bati jembamba la alumini, na gharama yake imegawanywa katika vyombo vingi ambavyo nusu yake havitatumika ila siku ya shughuli. Fedha hiyo hiyo ikinunulia sufuria moja nzito, chungu kimoja na kikaango kimoja, familia ya watu sita itapika vizuri zaidi kila siku. Ikija hitima au harusi, sufuria kubwa huazimwa kwa jirani au hukodishwa, kama ilivyo desturi.

Nafasi ya kwanza naipa sufuria ya alumini iliyotengenezwa kiwandani na yenye kitako kinene. Alumini husambaza joto mara nne hivi kuliko chuma cha kawaida na takriban mara kumi na tano kuliko chuma cha pua, ndiyo maana moto unaopiga katikati hufika kwenye kingo upesi na wali wa nazi huiva kwa pamoja. Sifa hiyo, hata hivyo, hutegemea unene, kwa kuwa bati jembamba halina nafasi ya kulisambaza joto hilo kabla halijakifikia chakula. Ningetaka kitako kisichopungua milimita 3. Asiye na kipimo na abonyeze katikati ya kitako kwa dole gumba: kikinepa hata kidogo, aiache. Kisha achukue sufuria mbili zenye upana sawa, moja katika kila mkono, achague iliyo nzito, na aiweke kwenye meza iliyonyooka ili aone kama inacheza, maana kitako kilichobenuka hakikai sawa juu ya jiko la gesi na tui huungua upande mmoja. Alama ya ubora ya Shirika la Viwango Tanzania kwenye chombo au kwenye kasha lake ni jambo la kuulizia, na muuza duka asikasirike kuulizwa.

Kuhusu ukubwa, kilo moja ya mchele ikishaiva hujaa kiasi cha lita tatu na zaidi, hivyo sufuria ya lita tano ndiyo inayofaa, ili tui lipate nafasi ya kuchemka bila kumwagika. Wanaotumia mtungi wa gesi wa kilo 6 wenye jiko la kukaa juu yake wasiweke sufuria pana kupita hapo, kwa kuwa uzito wa pilau ya wageni unaweza kuupindua mtungi wote.

Udhaifu wa alumini uko katika utando mwembamba sana unaoifunika juu, ambao ndio unaoikinga metali isiingie chakulani. Utando huo huyeyuka kwenye ukali wa ukwaju na ndimu, na huyeyuka vilevile kwenye magadi, jambo ambalo wapikaji wa kisamvu na maharage hulishuhudia sufuria inapogeuka nyeusi ndani. Kupika mchuzi wa nyanya kwa nusu saa na kuupakua mara moja si jambo la kutisha. Kuulaza humo hadi kesho ndiko kunakopaswa kuachwa. Utando huo huo huondolewa pia na steli waya na mchanga, na hapa najua nitapingana na mama wengi waliolelewa kuamini kwamba sufuria isiyong'aa ni aibu ya mwenye nyumba. Masizi ya nje yasuguliwe hadi mtu ajione uso humo, lakini ndani sifongo laini na sabuni vyatosha, na ukoko uliogandamana uloweshwe maji ya moto hadi uachie wenyewe.

Chungu cha udongo kinashika nafasi ya pili, na kwa mchuzi wa samaki pekee ningekiweka cha kwanza. Udongo haudhuriwi na ukwaju wala ndimu. Hupokea joto polepole na kulishika kwa muda mrefu, hivyo tui zito linalotiwa mwishoni haliruki ghafla kwenye mchemko mkali unaolifanya likatike, na mchuzi huendelea kuchemka kidogo kidogo hata chungu kikishaepuliwa. Maharage ya nazi yaliyopikwa humo hulainika bila kupasuka ovyo. Bei yake ni ndogo kuliko ya sufuria yoyote nzito, na mara nyingi fedha hiyo huenda moja kwa moja kwa mwanamke aliyekifinyanga.

Kununua chungu kunahitaji masikio. Kigongwe kwa kifundo cha kidole: chenye sauti inayolia kimechomwa kikaiva na hakina ufa, na chenye sauti bubu kirudishwe chini. Kitazamwe ndani dhidi ya jua, kisha, muuzaji akikubali, kitiwe maji na kuachwa kidogo ili kuona kama kinavuja. Kutoa jasho la unyevu kwa chungu kipya ni kawaida. Kudondoka matone si kawaida. Kilichopakwa rangi inayong'aa kwa ndani ni pambo la sebuleni na hakifai kupikia, kwa sababu baadhi ya rangi za namna hiyo huwa na madini ya risasi. Kikifika nyumbani, kichemshiwe uji mwepesi wa muhogo kwa moto mdogo ili wanga uzibe vitundu vya udongo, kimwagwe, kioshwe, kikaushwe, na baada ya hapo kianze kazi. Hakipendi mshtuko: maji baridi yasimiminwe ndani yake kikiwa cha moto, na juu ya gesi kiwekewe bamba la chuma chini yake, moto ukianza mdogo. Kwa kuwa udongo hunywa harufu, nyumba inayoweza iwe na viwili, kimoja cha samaki na kingine cha vyakula visivyo na shombo, maana chungu kilichozoea papa hakitakuwa tena cha mboga ya mtoto.

Sufuria ya chuma cha pua, ambayo wauzaji huiita ya stili, naiweka ya tatu kwa sababu ya bei tu. Haiguswi na ukwaju wala magadi, haishiki kutu upesi katika hewa yetu, na mchuzi unaweza kulala humo bila wasiwasi. Tatizo lake ni lile lililotajwa juu, kwamba chuma cha pua husambaza joto vibaya sana, na sufuria ya stili iliyo bati moja jembamba toka mdomoni hadi kitakoni huunguza tui kwa namna ya kutia hasira, ikiacha duara jeusi linalolingana kabisa na duara la moto. Inayofaa ni ile iliyobandikwa kitakoni sahani nene ya alumini iliyofunikwa na chuma. Igeuzwe chini juu: kama mstari wa kiungo hauonekani pembeni mwa kitako na unene wote ni ule ule, hiyo ni bati moja, hata kama kasha lina picha za kupendeza. Mwenye kutarajia kununua jiko la umeme linalopasha kwa sumaku aende na kisumaku kidogo, akijaribishe kitakoni. Kisiponasa, sufuria hiyo haitafanya kazi juu ya jiko hilo, kama ambavyo alumini tupu na udongo havitafanya. Asiyetumia mkaa kabisa, na mwenye uwezo, aipandishe sufuria hii hadi nafasi ya kwanza.

Sufuria ya presha ni ya nne. Mvuke uliobanwa ndani yake hupandisha joto la maji hadi karibu nyuzi 120 za Selsiasi badala ya 100, hivyo maharage makavu, makande, miguu ya ng'ombe na pweza mkubwa huiva kwa sehemu ndogo ya muda na ya gesi. Haifai kwa bada, yaani ugali wa muhogo, wala kwa tui, ambalo hutiwa baada ya kufungua. Kabla ya kulipa, ulizia kama mpira wa kifuniko na vali yake ya usalama vinauzwa peke yake hapo mjini, kwa kuwa mpira huchakaa kabla ya sufuria, na sufuria ya presha isiyo na mpira ni sufuria nzito isiyofunika vizuri. Isijazwe kupita theluthi mbili, na maharage yasipite nusu, maana povu lake huziba tundu la mvuke.

Kikaango cha chuma kinafuata. Kwa chapati na samaki wa kukaanga hakina mpinzani, kwa sababu chuma kizito hushika joto na hakipoi samaki anapotiwa. Chuma cha vitumbua kina hukumu hiyo hiyo. Lakini katika hewa ya Raskazone au Sahare kikiachwa kimelowa usiku mmoja, asubuhi huwa kimepiga rangi ya chungwa. Kikaushwe juu ya moto, kipakwe mafuta kidogo kingali na joto, na kitatumiwa na wajukuu.

Vikaango visivyoshika, vyenye utando mweusi laini, nimeviweka chini kwa makusudi. Utando huo huanza kuharibika joto linapopita nyuzi 260, na kikaango kitupu juu ya moto mkali hufika huko ndani ya dakika chache. Juu ya mkaa uliopepewa hakuna wa kulipunguza joto hilo kwa kuzungusha kitasa. Kwa mayai juu ya gesi ndogo, na kwa mwiko wa mti pekee, vinafaa. Kilichokwaruzika kisinunuliwe hata kikipunguzwa bei hadi nusu.

Mwisho kabisa, na kwa ushauri wa kutokununua, ni sufuria zinazosubiwa, yaani za kuyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu, kwa alumini chakavu isiyojulikana ilikotoka. Unene wake unavutia, na kwa kipimo cha dole gumba nilichokieleza juu zingeshinda zote, ndiyo sababu zinastahili kutajwa kwa uangalifu. Chakavu hicho huchanganya vipande vya injini, vyuma vya redieta na mabaki ya vifaa vya umeme, na pamoja navyo huingia madini ya risasi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017, uliopima vyombo 42 vya alumini kutoka nchi 10, Tanzania ikiwa mojawapo, ulikuta vingi vikitoa risasi na metali nyingine vilipochemshiwa maji yenye ukali mfano wa ule wa chakula. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama, na wanaodhurika zaidi ni watoto. Zinatambulika kwa mwili wake wenye chembechembe kama za mchanga, vitundu vidogo kwenye kuta, unene usiolingana na kukosa alama yoyote ya mtengenezaji. Anayeimiliki tayari anaweza kuibakizia kazi ya kuchemshia maji ya kuoga.

Kuhusu vifuniko, vinunuliwe pamoja na sufuria, vikijaribiwa hapo hapo dukani, kwa kuwa kifuniko kinachotafutwa baadaye ni nadra kukaa sawasawa. Kwa wali unaopaliwa makaa kinahitajika cha metali kilicho bapa, chenye ukingo unaozuia kaa kuporomoka na kisicho na kishikio cha plastiki. Kifuniko cha kioo kina uzuri wake wa kumwonyesha mpikaji tui linavyokauka bila kufunua, ila hakipaliwi makaa, maana kitapasuka na wali wote utamwagwa kwa kuhofia vigae.