Ratili na kilo kwenye mizani ya muuza ndizi

Kuanzia Januari 2000, matunda ya kupima Uingereza yalitakiwa kuuzwa kwa kilo. Bei ya ratili iliruhusiwa kuandikwa pembeni tu. Steve Thoburn, muuza mboga wa Sunderland, aliendelea kupima ndizi kwa ratili. Mizani yake ikachukuliwa, na 2001 akatiwa hatiani.

Kwa hesabu, kilo haina mpinzani: gramu 1,000, basi. Ratili ina aunsi 16, karibu gramu 454. Kuigawanya kunaumiza kichwa. Lakini mteja mzee anaijua kwa macho, akitazama tu kichane. Halafu kibao cha ratili huonyesha bei ndogo (ujanja usiosemwa sana): peni 25 kwa ratili ni 55 kwa kilo. Mimi ningechagua kilo, ila mizani ya mtu nisingeigusa.