Lenzi ya 10-18 na sebule ya bibi: uzoefu wangu wa likizo Unguja

Kuna picha moja ya Idi ya mwaka 2019 ambayo kila nikiitazama hunichoma. Bibi yake mke wangu ameketi kwenye kochi sebuleni kwake, Mji Mkongwe, wajukuu wamemzunguka. Walikuwa kumi na mmoja. Kwenye picha wanaonekana tisa, na bega la wa kumi. Mgongo wangu ulikuwa umeshagusa ukuta, lenzi iko kwenye milimita 18, mwisho wake kabisa, na pa kurudi nyuma hapakuwapo. Shemeji yangu, huyo ambaye hata bega lake halikuingia, miezi michache baadaye alikwenda Maskati kutafuta maisha. Hakupata likizo ya kuja nyumbani hadi mwaka huu.

Basi tuliposikia anakuja mwezi wa sita, na bibi bado yupo na sauti yake ileile, nilijua picha ile lazima irudiwe. Nikaanza kutafuta lenzi.

Kamera yangu ni Canon 200D, na lenzi ni ile iliyokuja nayo kwenye boksi, 18-55, yaani milimita: namba ikiwa ndogo lenzi inaona kwa upana, ikiwa kubwa inavuta vya mbali. Fedha niliyotenga ilikuwa laki tano na nusu, ya lenzi moja tu. Duka la kwanza nililoingia Kariakoo, kijana wa kaunta alipolisikia neno likizo akanishushia 70-300. "Kaka, safari bila lenzi ndefu utapiga nini?" Simlaumu. Watu wengi wakisema safari wana Mikumi au Serengeti kichwani, na huko simba aliyelala mita mia kutoka barabarani anaidai kweli 300. Nikamwambia naomba nikafikirie.

Usiku ule nilifanya jambo ambalo nilipaswa kulifanya kabla ya kwenda dukani. Nilifungua kwenye kompyuta picha zote za likizo mbili zilizotangulia, Bagamoyo na Lushoto. Kila picha ya kamera ya kidijitali hubeba ndani yake kumbukumbu ya milimita ulizotumia. Ukifungua taarifa za faili unaiona. Nilizihesabu moja moja. Kati ya picha 412, picha 263 nilizipiga kwenye 18 kamili. Kwenye 55, ambako ndiko mtu anayetamani lenzi ndefu angekuwa amebanana, zilikuwa 48. Mimi mwenyewe niliamini napenda kuvuta vitu vya mbali, kumbe miaka yote nilikuwa nabanwa upande wa pili. Ningechukua ile 70-300 ningekuwa nimenunua picha za mtu mwingine.

Kwa hiyo nikageukia lenzi pana. Kwa kamera za Canon zenye sensa ndogo (kile kipande cha ndani kinachonasa picha) kama yangu, zipo kadhaa: ile 10-22 ya zamani, iliyotoka 2004, yenye tundu la mwanga kubwa kidogo na uzito wa gramu 385, Tokina 11-16 yenye f/2.8 (namba ya f ikiwa ndogo, tundu ni kubwa), nzuri sana gizani lakini inazidi nusu kilo. Na 10-18 f/4.5-5.6 IS STM, iliyotoka 2014, yenye gramu 240 tu. Kwa likizo ya kutembea na mtoto mmoja mkononi na mfuko wa maji begani, gramu zina sauti kubwa. Tena hii ya tatu ina kizuia mtikisiko ndani yake, na ndiyo iliyokuwa rahisi kuliko zote. Nilichagua hiyo.

Niliitafuta iliyotumika. Hapa nataka niseme kwa kirefu, kwa sababu sisi tunaoishi pwani tunapoteza fedha nyingi kwenye jambo hili. Adui wa lenzi Dar es Salaam, Tanga, Mombasa au Unguja ni unyevu. Lenzi ikifungiwa kwenye mfuko wa ngozi kabatini miezi sita, ndani ya vioo huota fangasi, nyuzinyuzi nyembamba kama utando wa buibui. Kwa macho ya kawaida hauzioni. Ondoa mifuniko yote miwili, washa tochi ya simu, mulika kutokea upande mmoja huku ukitazama upande mwingine kwa kuinamisha, usitazame moja kwa moja. Vumbi dogo ni la kawaida, halina madhara. Lakini ukiona utando unaotambaa kutoka ukingoni, rudisha, hata ukipunguziwa bei nusu. Lenzi ya kwanza niliyoonyeshwa ilikuwa hivyo. Muuzaji aliniambia ni alama za kiwandani. Nikamwonyesha kwa tochi yake mwenyewe, akanyamaza. Ya pili, katika duka jingine, ilikuwa safi. Nikaijaribu pale pale: nikapiga ukuta wenye vigae kwa 10, kwa 14 na kwa 18, nikakuza picha kwenye kioo cha kamera kuona kama kona zote nne zina ukali unaolingana. Kona moja ikiwa na ukungu kuliko zenzake, lenzi ilianguka siku moja. Hii haikuwa na shida. Nikalipa laki nne na themanini.

Kifuniko cha kuzuia jua hakikuwamo, na hata ukinunua mpya hakimo. Kinauzwa peke yake. Hilo silipendi, kwa sababu lenzi pana hivi inalinasa jua hata pale unapodhani liko pembeni.

Sasa Unguja. Mtu asiyewahi kushika lenzi ya milimita 10 ni vigumu kumweleza. Kwenye 18, kamera yangu inaona nyuzi 74 kutoka kona hadi kona. Kwenye 10 inaona 107. Kwenye karatasi ni tofauti ya tarakimu, lakini simama kwenye uchochoro wa Mji Mkongwe, ambapo ukinyoosha mikono unagusa nyumba mbili, mbele yako uwe na mlango wa kuchongwa wenye misumari ya shaba. Kwa lenzi yangu ya zamani nilikuwa nachagua: ama kizingiti cha juu chenye nakshi, ama baraza ya chini. Safari hii vyote viliingia, na mzee aliyekaa barazani akinywa kahawa, na kipande cha anga katikati ya mapaa. Nilimsalimu kwanza, shikamoo mzee, nikaomba ruhusa. Lenzi hii haikuachi ukwepe hilo, kwa sababu kumpiga mtu awe mkubwa kwenye picha unatakiwa usogee hadi mita moja. Yeye aliniambia, "Marahaba, piga, lakini uniletee." Nilimletea.

Kosa nililolifanya siku ya kwanza ni kuinua kamera juu kidogo ili nipate mapaa. Ukiinamisha lenzi pana juu, kuta zote huegemeana kama zinataka kuanguka. Tangu siku ya pili niliwasha ile mistari ya kusawazisha kwenye kioo cha kamera, nikaishika kamera wima sawasawa, na kama nilitaka juu zaidi nilipanda ngazi mbili tatu za baraza. Picha zikatulia.

Mchana iko vizuri. Kwenye f/8 ni kali katikati na pembeni pia. Kwenye 10, tundu likiwa wazi kabisa, kona huwa na giza kidogo na mistari iliyo karibu na ukingo hupinda kwa nje, ila kamera au kompyuta hurekebisha. Tulipofika Nungwi jioni nilibana tundu hadi f/16, jua likawa linachungulia nyuma ya mlingoti wa jahazi, nikapata nyota ya miale kumi na minne. Hiyo hutokana na mapazia saba yanayofunga tundu. Yakiwa witiri, miale huwa mara mbili yake. Nilikuwa na filta ya polaraiza pia, ile ya kukoleza bluu ya bahari. Usiitumie kwenye 10. Anga huwa na doa jeusi la bluu upande mmoja na weupe upande wa pili, kwa sababu lenzi inaona eneo kubwa la anga kuliko filta inavyoweza kulisawazisha.

Kwenye msitu wa Jozani lenzi hii haikufaa. Kima punju huja karibu na njia, lakini mwongozaji anataka mkae mbali nao kidogo, na ni haki yao. Kwenye 18 kima mzima alikuwa kama embe juu ya tawi. Nikarudisha 18-55 yangu.

Usiku Forodhani ndipo udhaifu wake mkubwa ulipoonekana. Wapishi wanageuza, wanakamua miwa, moshi wa mishikaki unapanda, mikono haitulii hata nukta. Lenzi hii inaanzia f/4.5, na ukisogea kuelekea 18 tundu linapungua hadi f/5.6. Kizuia mtikisiko kinasaidia sana: nilipiga Ngome Kongwe kwa moja ya nane ya sekunde bila stendi, mawe yakawa makali. Lakini kifaa hicho kinatuliza mkono wako wewe. Mkono wa mpishi hakiuwezi. Kila mtu aliyesogea alikuwa kivuli. Mke wangu alikuwa na 50mm f/1.8 aliyoazimwa na mwenzake kazini, kwa f/1.8 inaingiza mwanga zaidi ya mara sita kuliko f/4.5. Nikafunga hiyo, nikapata nyuso. Kama likizo yako ni ya usiku, ya ngoma na harusi za ndani, anza na 50 kabla ya hii.

Picha ya sebuleni tuliipiga Jumapili baada ya chakula cha mchana.

Niliingia mapema kupima. Nikaegemea ukuta uleule wa 2019. Kwenye 10 nilipata chumba chote, boriti za dari na zulia mpaka karibu na vidole vyangu vya miguu. Lakini nilikuwa nimeshajua jambo moja kutokana na picha za majaribio nyumbani: mtu akikaa ukingoni mwa picha ya milimita 10, uso wake huvutwa kwa upande, kichwa kinakuwa kirefu kama papai. Bibi sikutaka afanywe hivyo, wala mtu mwingine yeyote. Kwa hiyo nilisogeza meza, nikawapanga kwa mstari wa upinde, walio pembeni wakiwa mbele kidogo na ndani zaidi, nikaacha nafasi tupu kila upande wa picha. Kisha nikaivuta hadi 14. Bibi katikati, kamera kwenye usawa wa macho yake, nimepiga magoti. Madirisha yote wazi, ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) 1600, moja ya sitini ya sekunde. Nikawaomba watulie kwa hesabu ya tatu. Injini ya fokasi ya lenzi hii karibu haina sauti, kwa hiyo hakuna aliyejua nimeshaanza kulenga, na picha ya pili, niliyoipiga kabla ya hesabu, bibi akiwa anamrekebisha shemeji kola ya kanzu, ndiyo waliyoichagua wote.

Wajukuu ni kumi na mmoja. Nimehesabu kwenye kioo cha kamera mara tatu. Vitukuu wanne wamekaa chini.

Mke wangu aliuliza kwa nini tusingetumia tu simu, maana simu nyingi sasa zina lenzi pana. Niliipiga kwa simu pia, pale pale. Kwenye kioo cha simu zinakaribiana sana. Tulipochapa kwa sentimita 50 kwa 75, ya simu nyuso za pembeni zilikuwa na madoa, kanzu nyeupe imekuwa kama karatasi. Ya kamera unaona mshono.

Kwa wanaotaka kununua: hii ni ya kamera za Canon zenye sensa ndogo na mdomo wa kufungia lenzi wa aina ya EF-S. Kwenye 6D au 5D, zenye sensa kubwa, haifungi. Kama una R50, R10 au kamera nyingine za R zenye sensa ndogo, ipo RF-S 10-18 iliyotoka 2023, ina gramu 150, au unaweza kutumia hii kwa adapta. Wenye Nikon wana AF-P 10-20, nyepesi vilevile, ila hakikisha kamera yako inaikubali. D3200, kwa mfano, haiikubali. Na hii yangu, pete ya nyuma inayoshika kwenye kamera ni ya plastiki. Sijaiona ikilegea, ila naifunga na kuifungua taratibu.

Sasa iko kwenye boksi la plastiki la kuhifadhia chakula, lile lenye mfuniko wa kubana, pamoja na vipakiti vya kufyonza unyevu nilivyovikusanya kutoka kwenye maboksi ya viatu. Kila mwezi naitoa, naiweka dirishani dakika kumi, naimulika kwa tochi. Shemeji amerudi Maskati na nakala yake ndani ya begi, imeviringishwa kwenye kanga ya bibi.