Miezi minne na gemu ya taksi mu telefoni: parkingi nimejua, mlima hapana

Niko Bukavu, Kongo, nina miaka 23 na permi (leseni ya kuendesha) sina bado, naanza na hilo ili mtu asidhani anasoma maneno ya fundi. Papa mudogo, ndugu mdogo wa baba yangu, iko na Toyota Corolla ya taksi, inafanya laini ya Place, Essence mpaka Panzi. Mimi njo naiosha asubuhi, na Jumamosi nakaa mbele pembeni yake, naita wateja na kukusanya pesa. Nilimuomba mara nyingi anifundishe kuendesha, jibu ni lile lile: "Watu wakiwa ndani siwezi kukufundisha, na wakishuka, esanse ya kuchezea iko wapi?"

Basi rafiki mmoja akanitumia hii gemu kwa Xender, ile app ya kutumiana faili bila internet, maana kuipakua mimi mwenyewe mega zangu za internet za wiki nzima zingeishia pale. Jina naliacha, gemu za aina hii ziko nyingi na zote zinafanana, taksi ya njano mbele, nyumba ndefu za ghorofa nyuma. Si kama ile Crazy Taxi ya Sega ya 1999 yenye unakimbiza tu na kuruka, ukigonga unaendelea. Hii ukigusa kitu umeshindwa.

Iko na sehemu mbili, parkingi na kazi ya taksi yenyewe. Parkingi njo tamu. Nivo za kwanza ni za watoto, unasogea mbele unasimama mu mistari umemaliza, lakini kuanzia nivo ya 30 hivi wanaanza kukutesa. Nivo ya 47 nimekaa nayo siku nne. Unaingia kwa maryere, yaani kinyumenyume, katikati ya basi mbili, nyuma kuna ukuta, kushoto wamepanga koni tatu, na njia yenyewe nyembamba. Sasa telefoni yangu kioo kimepasuka kwenye kona ya chini upande wa kulia, na pale pale kwenye ufa njo wameweka pedali ya freni, kwa hiyo kidole kikishuka hapo mara inasikia mara haisikii, motokari inateleza kidogo tu, koni chini, unaanza upya. Nilitaka kuitupa ziwani.

Kitu kilinisaidia ni kuzima kamera ya juu. Ile ya juu inakuonyesha motokari yote kama vile umepanda mu mti, unaona kila kitu, lakini huyo mti dereva wa kweli hana. Nikaweka kamera ya ndani nikabaki na retro tu, vile vioo vya kuangalia nyuma. Siku mbili za kwanza nilikuwa kipofu kabisa, kisha macho yakazoea, nikaanza kuelewa mambo yenye nilikuwa naona papa mudogo anafanya kila siku mbele yangu bila kujua sababu. Anapita kwanza mpaka matako ya motokari yake yalingane na matako ya ile ya pembeni, anarudi polepole, anakata usukani, anangoja mpaka aone kona ya motokari ya nyuma mu retro, halafu njo ananyoosha. Na wakati matako yanaingia, pua inatoka nje upande mwingine, hapo njo watu wengi wanakwangua jirani. Hiyo ya pua sikuwahi kuifikiria hata siku moja, gemu njo ilinionyesha, kwa koni kama mia hivi zenye niliangusha.

Sasa jambo la usukani. Gemu inaanza na usukani kushoto. Corolla yetu usukani uko kulia, kama magari mengi ya huku yenye yanatoka Japani yakipitia Mombasa ama Dar es Salaam, lakini Kongo tunaendesha upande wa kulia wa njia. Nikatafuta mu reglaji (mipangilio ya gemu) nikapata namna ya kuhamisha usukani, nikafurahi, kumbe ukihamisha usukani gemu inahamisha na njia nayo! Ghafla magari yote yanapita kushoto kama niko Kampala. Wenye walitengeneza hawakufikiri kwamba kuna mahali usukani na njia viko upande mmoja. Papa mudogo akitaka kupita lori, yeye mwenyewe haoni mbele, mimi mwenye nimekaa kushoto njo natoa kichwa namwambia ngoja, ngoja, haya pita. Hiyo kazi yangu mu gemu haiko.

Sehemu ya kazi ya taksi mimi naipa nyota mbili, na hapo ninawahurumia. Mteja anasimama mu duara ya kijani, anaingia peke yake, anakaa nyuma kama waziri, hasemi neno, unafuata mshale, anashuka kwenye duara ingine anakulipa dola 85 kwa njia tatu. Nilimwonyesha papa mudogo akauliza huyo mtu anaishi wapi tumfuate. Kwetu tunabeba wawili mbele wanne nyuma, huyu anasema "chofa, nabakia hapa" wakati umeshapita, yule anataka chenji ya noti yenye hauna, mwingine anakupa dola imepasuka kidogo kwenye pembe, ukiikataa ni kelele mpaka Essence. Na taa nyekundu, gemu inakukata pesa ukipita, sawa, ni sheria, lakini mimi mtu wa Bukavu ukiniambia Feu rouge, yaani taa nyekundu kwa Kifaransa, nafikiria kwanza mahali pa kushukia penye jina hilo.

Kitu chenye inakosa kabisa ni mlima. Mji wa gemu uko bapa kama meza, njia zimenyooka. Bukavu ukitoka pembeni ya ziwa ni kupanda tu ama kushuka tu. Mwezi uliopita papa mudogo akanipa usukani mara ya kwanza, kwenye kupanda Kadutu, saa moja asubuhi, nyuma kuna mama mmoja tu na beseni yake ya sambaza, samaki wadogo wa ziwa. Nilienda vizuri, vitesi (gia) ya kwanza, ya pili, retro naangalia kama mtu mzima. Mbele pikipiki ikasimama na mimi nikasimama. Kuondoka sasa! Mu gemu unaachia freni unakanyaga, inaenda, maana haina ambreyaji, ile pedali ya klachi. Mimi nikaachia freni, motokari ikaanza kurudi nyuma, nikaachia ambreyaji yote mara moja, ikazimika, ikaendelea kurudi, mama akaanza kuita Yesu. Papa mudogo akavuta freni ya mkono, kijana mmoja wa njiani akaweka jiwe chini ya tairi bila hata kuambiwa. Sambaza kama nusu kilo ilimwagika kwenye kiti, harufu ilibaki siku tatu, na njo mimi mwenye naosha.

Piblisite nayo, yaani matangazo. Ukiacha mega zimewashwa, kila ukishindwa inakuja moja ya sekunde 30, na mu nivo ya 47 unashindwa kila dakika, hesabu mwenyewe. Mimi nacheza na mega zimezimwa, inakubali bila shida. Lakini nilipokubali ile mise à jour (update) wakati niko na wifi ya jirani, ilifunguka nikakuta nimerudi nivo ya kwanza, motokari zangu tatu zenye nilinunua kwa pesa za gemu hazipo. Niliwaandikia, sijajibiwa mpaka leo.

Jumla naipa tatu na nusu juu ya tano, na hiyo nusu ni ya retro. Mwenye anataka kuanza, weka kamera ya ndani toka siku ya kwanza, na update usiiguse kama inakwenda vizuri. Papa mudogo juzi alichukua telefoni ajaribu nivo ya 12, mtu wa miaka kumi na tisa mu njia, akagonga koni mara tano, akanirudishia akasema hii motokari haina ambreyaji, si motokari. Jana usiku nimemkuta mu giza na telefoni yangu, asilimia nne ya sharji, yuko nivo ya 15.