Darasa la hereni za plastiki: kazi naipenda, mwalimu hapana

Nimelipa elfu hamsini yangu nikafundishwe kutengeneza hereni kwa makopo ya chakula, nikaambulia kusutwa mbele za watu. Ni hapa hapa Dar, darasa la Jumamosi ambalo picha zake mtandaoni zinavutia kweli kweli.

Kazi yenyewe naipenda, mtu asinielewe vibaya. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Juni 2019, lakini vifuniko vya keki na makopo ya mtindi bado vinaziba mitaro yetu, kwa hiyo anayevigeuza pambo namheshimu. Ila hereni hizi hutengenezwa kwa kuoka plastiki mpaka isinyae, na si kila plastiki inaingia ovenini! Geuza kopo uangalie chini, kuna pembetatu yenye namba. Namba 6, polistireni, ndiyo inayosinyaa: kiwandani ilivutwa ikiwa ya moto, sasa ikipata joto tena inarudi ilikotoka, ndogo na nene. Namba 5 inayeyuka hovyo tu. Namba 3 ndiyo usiiguse kabisa, ina klorini, ikiungua moshi wake unakereketa koo na mapafu.

Mwalimu alikuwa anakata chochote kilichomo kwenye ndoo. Nikamuuliza kwa adabu, "Samahani mwalimu, hiki ni namba ngapi?" Akajibu, "Dada, umekuja kujifunza au kunikagua?" Watu wakacheka. Haukupita muda chumba kizima kinanuka, madirisha yamefungwa kwa sababu ya kiyoyozi, na kwenye trei limetanda rojo jeupe. Hata pole hakusema. Alikwangua, akapanga vingine. Kilichonipandisha hasira zaidi, saa ya chai ilipofika sambusa zetu zikapashwa kwenye oveni ile ile! Sikula, na waliokula nawaonea huruma mpaka leo.

Aliyeniokoa ni msaidizi wake, binti mmoja mpole sana. Alinichagulia kifuniko cha namba 6, akakisugua kwa msasa laini ili rangi ya penseli ishike, akaniambia nitoboe tundu kwa punchi ya karatasi kabla ya kuoka, maana plastiki ikishakuwa nene na ngumu hutoboi tena. Tukachungulia kwenye kioo cha oveni. Ua langu likajikunja, likajisokota, nikataka kulitoa, akanishika mkono: "Subiri dada." Likajinyoosha lenyewe, dogo, gumu, rangi zimekolea. Nilipiga kigelegele pale pale. Hereni hizo navaa mpaka kazini, na kila mtu ananiuliza nimenunua wapi.

Kwa hiyo nilishapanga kutoa nyota tatu. Lakini juzi nimemwandikia mwalimu, nikamwomba tu atenge oveni ya plastiki na ya chakula, na afungue madirisha. Akasoma, akanibloki. Basi ni nyota moja, na hiyo moja ni ya binti. Siku akifungua darasa lake mwenyewe nitakuwa wa kwanza kulipia, hata kama ni laki.