Amyvid na picha ya PET ya ubongo: inafaa wapi, inakwama wapi

Amyvid, dawa ya mnururisho ya kupigia picha, si ya kutibu, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2012, hushikamana na mabonge ya amiloidi, protini inayorundikana kwenye ubongo wa wenye Alzheimer (ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu). Kwa kazi hiyo moja, ni nzuri kweli. Mgonjwa hudungwa megabekereli 370 (kipimo cha mnururisho) kwenye mshipa, husubiri dakika 30 hadi 50, kisha hupigwa picha ya PET, inayoonyesha dawa ilipokusanyika, kwa dakika 10. Mnururisho hupungua nusu kila dakika 110, kwa hiyo gari la dawa likichelewa, miadi imeharibika.

Ubora wote uko kwenye usomaji. Picha isomwe kwa nyeusi na nyeupe, si kwa rangi za kuvutia, kuanzia ubongo mdogo nyuma ya kichwa na kupanda juu. Kwenye picha safi, yaani isiyo na amiloidi, sehemu ya ndani ya ubongo iitwayo nyeupe huonekana nyeusi zaidi kuliko gamba la nje, na mpaka wake ni wazi. Mpaka huo ukififia katika maeneo mawili au zaidi, amiloidi ipo. Kichwa kikitikisika, mpaka hufifia bure. Ubongo ukisinyaa sana, gamba jembamba humchanganya msomaji. Hapo MRI, picha ya sumaku inayoonyesha umbo la ubongo, iwekwe kando ya PET, tena bila ubishi.

Udhaifu mkubwa ni huu: wazee wengi wenye kumbukumbu timamu nao wana amiloidi. Jibu la "ipo" halitoshi kusema mtu ana Alzheimer, wala halitabiri atapata lini. Jibu la "haipo" ndilo lenye thamani zaidi, kwani humwelekeza daktari atafute chanzo kingine cha usahaulifu.